Maelezo Niliyosema Tuliyaandika Pamoja

Alhamisi. Upepo wa Agosti umevuma tangu asubuhi, na vumbi la mtaa wetu wa Kikuyu limeingia hadi kwenye kikombe changu cha chai. Nimerudi mapema kutoka kazini. Leo nimepandishwa cheo na sina raha.

Acha niseme ukweli: namwonea wivu dada Tabitha.

Si wivu wa kumtakia mabaya. Hapana, nadanganya. Ni huo huo.

Tabitha ni mwenzangu ofisini, mtu wa Kibakwe. Kabla ya kuja kwetu alikaa miaka kumi na moja masijala, akipokea na kutoa mafaili ya serikali. Mimi nina shahada ya kompyuta. Ofisi yetu inatengeneza msaidizi wa akili mnemba, ambaye wakulima wa zabibu wanamwandikia ujumbe kwa simu. Tumempa zana kadhaa: moja ya kuangalia ratiba ya gari, nyingine ya kuagiza gari, nyingine ya bei. Yeye haoni tulivyoziunda. Anasoma maelezo mafupi tuliyoandika juu ya kila zana, kisha anachagua ya kutumia. Kuyaandika ilikuwa kazi yangu, na niliidharau. Kwenye zana ya ratiba niliandika "Usafiri wa zabibu." Kwenye ya kuagiza, "Hushughulikia usafiri." Nikaenda kula.

Wiki mbili zilizopita Mama Stella, mkulima wa Zuzu, aliandika: "Nimeshakata zabibu, naomba gari kesho." Msaidizi akachukua zana ya ratiba, akamjibu kwamba siku ya gari la Zuzu ni kesho. Mama wa watu akajua ameagiziwa. Gari halikwenda, kwa sababu hakuna aliyeliagiza. Makreti yake yalishinda juani kutwa nzima, zabibu zikalainika zote.

Nilisema mfumo una shida. Bosi akampa Tabitha yale maelezo ayapitie, nami nikacheka kimoyomoyo. Mtu wa masijala!

Kwenye zana ya ratiba akaandika hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Tumia zana hii mkulima anapouliza tu siku ya gari. Haiagizi gari. Akisema ameshakata zabibu, au anaomba gari, usitumie hii, tumia ya kuagiza. Usipoelewa anataka nini, muulize kwanza." Maneno ya kawaida kabisa. Niliyasoma nikitafuta kosa. Nilitamani liwepo. Sikuliona.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, amejifunzia wapi.

"Mdogo wangu, kule watu wanahamishwa kila leo," akasema. "Ukiandika dokezo kwenye faili unamwandikia mtu asiyekujua, na siku anayolisoma wewe uko Kigoma. Hana wa kumuuliza."

Basi, ndiyo hivyo tu. Angejisifu ningepata pa kumchukia.

Leo viongozi wa ushirika wa wakulima walikuja kumjaribu msaidizi upya, wakaja na Mama Stella. Walikuwa wameshasema mambo yakiharibika tena wanaachana na sisi. Nilimpa Mama Stella shikamoo bila kumtazama usoni. Akaandika taratibu kwenye simu yake maneno yale yale ya siku ile. Gari likaagizwa. Akauliza ratiba tu, akapewa ratiba, na hakuna gari lililoagizwa.

"Eeh, sasa anasikia," akasema.

Bosi akauliza mbele ya wote nani ameandika maelezo. Tabitha alikuwa anawamiminia wageni chai.

"Tuliandika pamoja," nikasema.

Sijaandika hata nukta.

"Ndiyo, tulisaidiana," akasema Tabitha, akaendelea kumimina. Bosi akanishika bega. Kuanzia Jumatatu nitaongoza kazi yote ya maelezo ya zana, na dada Tabitha atakuwa msaidizi wangu. Watu wakapiga makofi. Naye akaweka birika chini, akapiga.

Tangu nifike nyumbani najiuliza kwa nini alinisitiri. Pengine alinihurumia. Pengine amezoea: miaka yote ile yeye anaandika, wakubwa wanasaini. Hili la pili ndilo linaloninyima raha, maana leo nimekuwa mmoja wao.

Nimemwandikia bosi ujumbe: "Maelezo yote ya zana ameyaandika dada Tabitha peke yake. Mimi nilidanganya. Kazi ya kuongoza anastahili yeye." Mwanzoni niliweka "kwa kiasi kikubwa." Nikafuta. Nikaongeza "kama utaona inafaa." Nikafuta na hilo. Sasa bosi hawezi kunielewa vibaya hata akitaka, na ndiyo maana nimekaa nao robo saa nzima bila kuutuma, simu mkononi.

Nimeutuma.

Wivu bado ninao.