Samaki wa Shimoni

Chumbi, Rufiji
Mfungo Mosi

Kwako kaka yangu Mudathiri,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natumai afya yako ni njema huko gerezani na kile kifua kimepoa. Sisi tunaendelea kama Mwenyezi Mungu alivyojaalia. Mama hajui kama nakuandikia. Angejua angeninyang'anya kalamu.

Barua yako ilifika. Umeuliza mengi, na moja umelirudia: hali ya mkeo Hajira na ile mimba. Nitakujibu, ila niache nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo mkono hautaendelea.

Unakumbuka jirani yetu Ukasha alipochimba bwawa lake la samaki, mama alivyomcheka. Alisema samaki wa shimoni, anayenona kwa pumba na mavi ya kuku, hatii damu mwilini, na mjamzito wa nyumba hii atakula samaki wa mto tu, kama yeye alivyokula alipotubeba sisi. Mtoni samaki walikuwa wameadimika, nawe hukutaka kubishana naye. Ukaenda kutega kwenye ziwa lililofungwa ili samaki wazae, wakakukamata. Wale kambale walikuwa wa Hajira, na hakuwaonja.

Ulipochukuliwa, wifi yangu akawa anakula ugali kwa matembele, siku nyingine kwa chumvi. Ukasha alituletea sato, mama akawarudisha kwa heshima zote. Mimi nilinung'unika jikoni, basi. Mama ni mama. Vidonge vya damu vya kliniki navyo vilimtapisha Hajira, akawa haviwezi.

Mimba ilipokuwa kubwa, nesi akatuambia damu imeshuka sana, akauliza anakula nini. Mama akaeleza kwa fahari kwamba kwetu hatuli samaki wa kufugwa. Nesi hakumcheka. Alisema samaki wa mto hula vya kila aina, ndiyo maana mara nyingi mafuta yake ni bora zaidi, na wa bwawani hutegemea analishwa nini. Lakini nyama ya wote wawili hujenga mwili, na mjamzito huumia akiwakosa wote.

Siku ile ile mama alikwenda mwenyewe kwa Ukasha kuomba alichokuwa akikikataa. Hajira akala sato, akasema ni watamu. Lakini uchungu ulimwahi, tukamkimbiza hospitali. Asubuhi mama akapika samaki wa bwawani, akawatia kwenye hotpoti, akapanda bodaboda kumpelekea mzazi chakula.

Kaka, Hajira hakukila. Alitoka damu nyingi baada ya kujifungua, na mwilini hakuwa na akiba. Amefariki. Tumemzika Umwe, kwa wazazi wake. Daktari alisema si chakula peke yake, lakini mama hasikii. Aliagiza usiambiwe mpaka utoke, asije akakupoteza na wewe. Mimi nimeshindwa. Kila barua unamwombea uzima, nami ndiye ninayeisoma kwa sauti hapa nyumbani, huku mama akijifunika khanga usoni. Nisamehe kwa kukuumiza ukiwa peke yako.

Mtoto yu hai, wa kike, ana macho yako. Wakwe zako waliomba apewe jina la mama yake, tukampa. Mama humwogesha na kumlaza kifuani kutwa nzima, ila jina lile hajalitamka hata leo. Humwita mgeni.

Ukasha anakusalimu, na wakwe zako pia. Hawana kinyongo nawe. Msomee marehemu Fatiha. Kisha, ukipata nguvu, mwandikie mama. Usimweleze chochote kuhusu samaki. Muulize tu kama Hajira amelala vizuri, kama ananyonya chupa yake, kama ameanza kucheka. Nitamsomea mimi, na itabidi anijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Swaumu