Wastani wa Dakika Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu wodini. Vifaa vyangu vyote kumi na viwili vinafanya kazi — siamini! Kila mgonjwa kabanwa kimoja kidoleni, kidogo kama kibanio cha nguo. Kinasoma oksijeni kila sekunde na kuituma kwenye skrini ya wauguzi. Mistari imetulia, laini. Profesa wangu kaja na wageni, wakapiga picha. Muuguzi wa zamu, tunayemwita Sista Pasi kwa jinsi gauni lake lisivyojua kunjo, kasema sasa anakunywa chai bila roho juu.

Jumatano, 5 Machi
Mzee wa kitanda cha sita amefariki. Seremala. Jana tu alinitania: eti nimekifunga pingu kidole kimoja, vingine vimetoroka. Saa nane mchana, binti yake alikuwa ametoka kumletea maji. Kengele haikulia.
Haikulia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua data ghafi ya kitanda cha sita, namba zenyewe za kila sekunde. Tangu saa tano asubuhi oksijeni ilishuka mara kumi na moja. 97, ghafla 61, halafu juu tena. Kila mara chini ya dakika moja. Kwenye skrini hakuna hata moja! Skrini inaonyesha wastani wa dakika kumi, na kengele inafuata skrini. Nani aliweka wastani? Mimi. Profesa alilalamika mistari inatetemeka, itaharibu makala yetu. Kazi ya nusu saa tu: nikailainisha, nikaenda kula.
Nimezima mfumo wodi nzima. Nimewaambia wauguzi una hitilafu, warudie vipimo vyao vya zamani. Sikusema hitilafu gani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwonyesha Profesa. Kasoma, kafunga mlango. Mzee alikuwa hoi, kasema, huenda angekufa tu. Tusubiri makala itoke. Nami nikaitikia: huenda.
Jioni nasikia Sista Pasi kasimamishwa kazi. Eti kazembea.

Jumapili, 9 Machi
Mama kapiga simu. Miaka yote anadhani natengeneza kompyuta mbovu, na leo sikumsahihisha — nimemweleza yote. Akauliza: "Huyo sista ana watoto?" Sijui, Mama. "Basi kajue." Akakata.

Jumanne, 11 Machi
Kamati ya uchunguzi. Naandika nikiwa kwenye benchi la korido. Data ghafi nimeichapa, karatasi arobaini, zimo kwenye bahasha mapajani. Profesa kasimama mlangoni. Kaiona bahasha. Kaninong'oneza nijibu nilichoulizwa tu.
Sista Pasi kaketi kando yangu. Ana watoto watatu, nimemuuliza. Bado sijamwambia. Yeye ndiye anayesema: "Niliitazama ile skrini kila robo saa, mwanangu. Lakini labda nilipitiwa. Macho haya, uzee huu... labda kweli ni mimi."
Ee Mungu. Ameanza kuamini!
Karani katoa kichwa, ananiita mimi kwanza. Sista kanishika bega. "Nenda, mwanangu, usiogope. Wewe hujamkosea mtu."
Nasimama. Profesa kanyoosha mkono, eti anisaidie kubeba bahasha —