Nimeshukuru Barabara Ambayo Haipo

Mpendwa mshauri Naliaka,

Naomba unisaidie, na ukitaka kucheka, cheka sasa hivi tuendelee. Mimi ni mwenyekiti wa chama cha wafugaji huku Subukia, mtu wa miaka hamsini na mitatu, kitambi changu hufika mkutanoni kabla yangu, na kwa miaka kumi na moja kila mheshimiwa wa wodi, diwani wetu, akija mimi ndiye husimama kutoa shukrani, hata watu wameshazoea, akimaliza tu kuongea wote wananigeukia. Juzi binti yetu Abby alitupeleka Nakuru mimi na mama yake, Wangu, kuona vichekesho vya siasa jukwaani, nikacheka vizuri kama wengine, mpaka yule mwigizaji aliyevaa suti ya mheshimiwa akaahidi maji, stima na lami kwa pumzi moja, kisha akauliza, "Haya, nani atatoa shukrani?" Mshauri, magoti yalininyanyua yenyewe! Nilishtukia nimesimama, kofia kifuani.

"Mheshimiwa," nikasema, "kwa niaba ya wananchi tunakushukuru kwa barabara."

"Barabara gani, mzee?"

"Ile utatuletea."

Ukumbi ukalipuka. Mwigizaji akaketi sakafuni akashika kichwa, akasema, "Mzee, umenimaliza, sina la kuongeza." Watu walidhani nimelipwa, kijana mmoja hata akaomba tupige picha. Nilicheka nao, lakini Wangu hakucheka. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Baba Abby, hiyo barabara umeishukuru mara tatu, na Aprili tulimwaga maziwa mtaroni lori likiwa limekwama."

Sasa video ya kisa hicho imezunguka wodi nzima. Mheshimiwa mwenyewe amenipigia akicheka, eti Jumamosi anakuja na nijiandae kumshukuru "kama kule Nakuru." Nimeamua sitashukuru, hilo limekwisha. Lakini ametuahidi mtambo wa kupoza maziwa, na naogopa nikimuaibisha utapelekwa kwingine, wanachama wanilaani. Nilikuwa nafikiria kuumwa mgongo siku hiyo. Nifanyeje?

Ndegwa, Subukia

Ndugu Ndegwa,

Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Nimemaliza.

Pole, lakini pole yako ni ndogo. Miaka kumi na moja umempa mheshimiwa risiti ya mzigo ambao haujafika, halafu unashangaa haleti? Angekuwa mnunuzi wa maziwa ungemfukuza siku ya kwanza. Na huo mgongo uache nje ya mambo haya. Magoti yaliyosimama Nakuru bila kuulizwa yatasimama Jumamosi.

Kosa lako lingine ni kudhani hili ni lako peke yako. Alhamisi, watu wakileta maziwa asubuhi, waite kabla hawajaondoka na mitungi. Waambie unavyoogopa kuhusu mtambo, usifiche, kisha waulize wao wanataka kusema nini. Wakikubaliana, katibu aandike na watie sahihi. Hapo mheshimiwa akikasirika atakasirikia chama kizima, na chama kizima kina kura. Mtu mmoja anaweza kunyimwa mtambo. Kunyima wafugaji wote mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, hapo hata yeye atapiga hesabu.

Jumamosi usimtukane na usijaribu kuchekesha, wenye kazi hiyo wapo. Msalimie kwa heshima yote. Mshukuru kwa kuja, maana kuja amekuja, huo ni ukweli. Kisha soma karatasi yao, na naamini itauliza hivi: greda ya kutengeneza barabara itaanza kazi tarehe ngapi? Swali moja tu. Atasema mipango iko, watu watapiga makofi kwa mazoea, na utatamani sana kiti chako. Mwambie Wangu akiondoe. Baki umesimama, karatasi mkononi, kimya.

Ukiketi kabla hajataja tarehe, utakuwa umeshukuru mara ya nne.

Naliaka