Mtandio wa Bi Shemsa

Bi Zuwena, mwalimu wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, kati ya kitanda chako na ukuta, kwa sababu tumeambiwa tukae mbali na madirisha. Si kwamba dirisha lenyewe lipo. Lilipasuka juzi, na sasa pamezibwa kwa ubao ambao hugongagonga upepo ukija, na kila ukigonga mimi naruka. Naogopa, Bi Zuwena. Watu wote nimewaambia siogopi: mama yangu kule Singida, dada zangu wa kanisani, hata yule mwenye duka hapo chini anayeniuliza kila asubuhi kama bado nipo. Wewe ndiye peke yako ninayeweza kukwambia kweli, maana huwezi kunipigia simu ukalia na kunisihi nirudi nyumbani.

Ungerudi leo ungeuliza mlango wa kutokea uko wapi. Wanaume walikuzika, mimi nikabaki hapa na wanawake wenzako, tukapika, tukalia, tukapanga hitima yako ya arobaini. Watu walikuwa wameshaalikwa. Vita ikaanza, na hitima haikusomwa. Sasa simu za watu wote hulia kwa pamoja, mlio mmoja mbaya, halafu tunasikia vishindo angani. Wanavitungua hivyo vitu huko juu, lakini mabaki lazima yaanguke mahali. Ndege haziruki. Wenye magari na jamaa zao Oman wameshaondoka kwa barabara. Hoteli zetu hizi za Al Mankhool, hapa Dubai, zimekuwa kimya hata unasikia mtu akiburuta sanduku mtaa wa pili.

Wateja wako bado wanaandika kwenye simu yako, nami sijaweza kuizima. Wengine hawana habari kwamba umefariki, na naona haya kumwambia mtu jambo kama hilo kwa ujumbe. Yule madam wa Jumeirah, uliyemchora na lulu zake, ameuliza kama picha yake inaweza kung'olewa kwenye fremu ikakunjwa. Mke wa daktari wa Al Barsha anataka achorewe nyingine, ndogo, ya kuingia kwenye mkoba. Wale wale waliokuwa wakishindana nani atundikwe ukuta mkubwa zaidi sebuleni! Nilicheka, wallahi, kama ulivyokuwa ukisema wewe. Halafu simu ikalia ule mlio, nikajikuta chini ya meza na brashi mkononi.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili yao. Nataka kukueleza nilichomfanyia Bi Shemsa.

Unajua ulivyomwacha kwenye picha yake. Uso ulikwisha, nywele zilikwisha, bado tu mkono wa gauni na kiti, kazi zangu mimi. Nilikuwa nimeshazoea kumkuta asubuhi kwenye chumba cha kazi, mrefu kama alivyo mwenyewe, amekaa na midomo yake ile ya mtu anayetaka kukuuliza mbona chai imepoa. Uliniambia tangu mwanzo kwamba hii si picha ya sebule ya wageni. Ni ya chumba cha ndani, nyumbani kwake Rashidiya, wajukuu zake wa kike wamwone bibi yao alivyo akiwa kwao, kichwa wazi. Mwanamke ambaye hata fundi wa bomba akija anajifunika mpaka kidevuni, kwako alivua mtandio akakaa, kwa sababu ulikuwa mwenzake tangu utoto wenu na kwa sababu hujawahi kumpiga mteja picha hata moja ya simu.

Na zile nywele. Nyeupe, na hina kwenye ncha. Ulizifanyia kazi mpaka nikaanza kukuonea wivu kwa niaba ya kiti changu, maana kilikuwa kinangoja zamu yake. Ndizo za mwisho ulizozigusa. Ulishuka kwenye kigoda ukaniambia, "Salome mwanangu, nshachoka, hebu nioshee brashi," ukaenda kulala, na asubuhi hukuamka. Rangi ya mafuta uliipaka nzito sana pale kichwani. Mpaka juzi ilikuwa bado mbichi. Nilikuwa nikipita karibu naisikia harufu yake, na nilipenda isikauke.

Siku wanawe walipomchukua kwenda Muscat, Bi Shemsa alinitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi hata naweza kuuigiza. "Salome, mwanangu, hiyo picha usiiwache ikaonwa. Zuwena kaniona kwa kuwa Zuwena mwenzangu. Miye sikuvua mtandio wangu kwa mafundi na polisi. Nisitiri, mwanangu, na Mungu atakusitiri wewe." Nikampigia hapo hapo. Nikamwambia, "Bi Shemsa, kwa jina la Yesu, hakuna mwanamume atakayekuona." Akasema, "Haya, na iwe hivyo hivyo, inshallah."

Basi juzi mchana kitu kikaanguka kwenye maegesho ya nyuma. Sijui niseme ni sauti gani. Niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Vioo vya upande wetu wote vikaingia ndani, umeme ukakatika, na vumbi likajaa nyumba nzima, mchana ukawa kama jioni. Nilikuwa jikoni, ndiyo maana niko hai kuandika. Nilitambaa hadi chumba cha kazi, nikamkuta Bi Shemsa amesimama kwenye stendi yake kule pembeni, hana hata mkwaruzo, ananitazama. Nikamshukuru Mungu kwa sauti kama mwehu.

Hapo ndipo mlinzi akaanza kugonga milango. Huyu humjui, ni mgeni, Mganda anaitwa Kato. Yule wa zamani amekimbilia kwao. Alikuwa anapiga kelele kila sakafu: "Yalla, yalla! Wote toka! Mlango wacha wazi, engineer anaingia kila room!" Nikamshika mkono nikamuuliza wanaingia kufanya nini. "Wanaangalia ukuta, wanaangalia dari, kama nyumba itaanguka. Sister, toka!" Wameanzia juu, akasema, wanashuka. Wote wanaume.

Bi Zuwena, nikachanganyikiwa. Nikamgeuza Bi Shemsa aangalie ukutani, halafu nikakumbuka ukuta ndio wanaokuja kuukagua. Wangemsukuma huko, wangemgeuza wenyewe. Nikamburuta hadi bafuni, hakupita mlangoni. Nikamrudisha huku nalia. Nikavuta shuka kitandani kwako nimfunike, na pembe yake ikamgusa kidogo tu hapo juu ya sikio. Ilipotoka ilitoka na rangi nyeupe. Nikapiga yowe. Ningemfunika na kumfunua baadaye, ningembandua ngozi pamoja na nywele. Na kukaa nimlinde nisingeweza, Kato angenibeba begani.

Ndipo nikafikiria kitu ambacho kama ungekuwa hai nisingethubutu hata kukiota. Mimi kazi yangu ni nguo. Tangu uliponitoa kwenye kazi za ndani ukanipa brashi, nimechora kanga, hariri, kasabu, mazulia, mito. "Wewe nguo, miye nyuso," ulisema, na kichwa cha mteja sikuwahi kukigusa hata kwa kupuliza vumbi. Nikachukua brashi pana. Nikakamua rangi ya bilinganyi. Nikaanza kumvika mtandio.

Makombora nayaogopa, sitaki kujifanya. Lakini wakati ule nilikuwa nakuogopa wewe zaidi. Nilihisi umesimama nyuma yangu. Rangi yako mbichi ilipanda kwenye brashi yangu, ikachanganyika na yangu, na kila nilipopitisha mkono nywele zikaondoka. Utosi. Upande wa kushoto. Kile kishungi kidogo cha hina kilichokuwa kimetoroka nyuma ya sikio, ambacho ulikichora ukitabasamu. Sikuweza kufikiria. Nilifikiria nguo tu, inaangukaje, inakunjikaje begani, mwanga unaikamata wapi, na nilikuwa nasema samahani, samahani, sijui nawaambia nani kati yenu. Katikati simu ikalia tena ule mlio. Brashi ikagonga fremu. Sikuingia chini ya meza. Nikashika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikamalizia chini ya kidevu.

Uso sikuugusa. Naapa. Nilipita pembeni ya paji la uso kama mtu anayepita kwenye kitanda cha mtoto aliyelala.

Nikaacha mlango wazi, nikashuka ngazi na wengine. Tulisimama ng'ambo ya barabara, jirani Mfilipino amemkumbatia paka wake, watu wanazungumza na kwao kwa lugha zote za dunia. Mimi nilikuwa naangalia dirisha letu lililobomoka. Nilikuwa na hakika nimekosea. Akilini niliona mtandio wenyewe umelegea, nywele zinaonekana, wanaume wamesimama mbele yake na simu zao wanapiga picha. Nimeua kazi yako ya mwisho, nikawa najisemea, na hata ahadi sijatimiza.

Kato akatoka mbio. Akatafuta kwa macho, akaniona, akaja moja kwa moja, amekasirika kweli, mbele ya watu wote.

"Sister, wewe una roho gani? Umekimbia umeacha mzee peke yake?"

Nikamuuliza mzee gani.

"Mama yako! Amekaa kwa kiti huko kwa giza, na vumbi yote hiyo. Engineer amesimama kwa mlango, amemwambia mama, tafadhali toka. Anamwangalia tu! Sasa engineer amekataa kuingia. Anasema kuna mama wa watu ndani, hawezi kuingia bila ruhusa. Kuja umtoe!"

Nilikaa ukingoni mwa barabara nikacheka na kulia, na jirani akanipa paka nimshike, sijui kwa nini, labda aliona sina kingine cha kushika.

Nilipanda na Kato. Yule engineer ni mtu wa makamo, sijui wa nchi gani, anazungumza Kiarabu. Alikuwa ameegemea ukuta wa korido, ameupa mlango wetu mgongo, kofia yake ngumu kaishika mkononi. Nikamwambia, sir, ni picha. Hakuniamini mpaka nikamwashia taa ya simu. Akaangalia mara moja, akainamisha macho. Aliingia, akakagua kuta zote, akagongagonga dari na fimbo yake, akaandika khalas, kazi imekwisha, nyumba salama. Na wakati wa kutoka akapita nyuma ya stendi, akijibana kwenye vioo vilivyovunjika, asimpite Bi Shemsa mbele.

Ulikuwa ni mtandio wangu, ndiyo. Lakini watu hawaombi ruhusa kwa kitambaa, Bi Zuwena. Yale ni macho uliyoyachora wewe.

Nywele zimekwenda na hazirudi. Ukinikasirikia huko uliko una haki, na mimi mwenyewe jana nililia nilipomtazama kwenye mwanga. Bi Shemsa sijamwambia. Aliuliza, "Nimesitirika?" nikamjibu, "Umesitirika, Bi Shemsa," akashukuru mpaka nikaona aibu. Nitamwambia uso kwa uso, sitamficha. Nitamwonyesha ni wapi mkono wako unaishia na wa kwangu unaanzia, na akitaka kunigombeza nitakaa chini anigombeze.

Mama yangu amepiga tena leo. Anasema watu wanaandikishwa kurudi nyumbani, na mimi nijiandikishe. Sijamjibu. Ninachokuahidi ni hiki: sitaondoka Dubai kabla sijamkabidhi Bi Shemsa kwa watu wake, mkononi mwao, mlangoni kwao. Wakituhamisha tutahama wote wawili, hata kama nitamshusha kwa ngazi mgongoni. Usinione jasiri. Angalia mwandiko wenyewe ulivyo.

Lala salama, mwalimu wangu. Mungu wako na Mungu wangu wakutazame.

Simu zimeanza kulia nyumba nzima. Naacha hapa, nahamia chumba cha kazi. Hakuna mtu wa kukaa na mzee.

Mwanao,
Salome