Mtani Aliyelala Kaburini

Mjukuu wangu Tatu,

Marahaba. Shikamoo yako imefika pamoja na barua. Hapa Kanyenye mvua imechelewa, na mguu wa bibi yako bado unamsumbua. Unauliza, huko kwenye kazi yako ya ustawi wa jamii, umpeleke wapi mtu aliyekataliwa na kila ofisi. Sijui, mjukuu wangu.

Zama za Mwingereza nilikuwa karani kijana bomani, nikiogopa hata kukohoa mbele ya bwana shauri. Akaja mama wa Kizaramo na mumewe yu hoi, wameshushwa kwenye treni. Nilimwelekeza hospitali, kisha misheni. Kote alirudishwa, akanirudia mimi. Mumewe akafia barazani petu, na hapa mjini hawakuwa na ndugu wa kumzika.

Ndipo nikakumbuka kwamba Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya mizigo ya kwenda pwani, na mtani ndiye humzika mtani wake, huku akitania. Nilikimbilia sokoni kwa Mnyamwezi mwenzangu, mzee Kasanda, muuza tumbaku. Alikuja na wenzake, wakachimba. Kaburi lilipokuwa tayari, akashuka akalala ndani.

"Sitoki humu mpaka nipewe kuku. Wazaramo mmezidi, hata maiti mnatuletea."

"Kuku gani?" mjane akamjibu. "Si mliwamaliza wote mlipopita kwetu na mizigo?"

Watu wakacheka. Mjane naye alicheka, kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu afike.

Dawa sikumpatia, wala kitanda. Nilimpatia watu wa kumzikia mumewe. Kesho yake alipanda treni peke yake, nami nikarudi mezani, ambako wengine walikuwa wanangoja.

Babu yako