Saa Sita Niliyoisoma Saa Tatu

Addis Ababa, Tikimt 9, 2010 kwa kalenda yetu

Mama mpendwa,

Umeamkaje na baridi ya Dessie? Masikio yanasemaje? Mimi sijambo, Mungu ashukuriwe, ila miguu inaganda darasani. Najua simu umeichoka. Miaka thelathini na moja ya kuunganisha simu za watu imeyamaliza masikio yako, basi dereva wa basi atuvumilie na bahasha zetu.

Uliuliza ninasomea nini hasa, maana majirani wanadhani natengeneza kompyuta. Ninajifunza kulinda mitandao na kuchunguza yaliyopita humo. Kompyuta zikiwasiliana, mitambo inaweka kumbukumbu: nani kamwita nani, saa ngapi, kampa mzigo mkubwa kiasi gani. Likitokea jambo, sisi tunakaa na kumbukumbu hizo tunazisoma mstari kwa mstari.

Sasa habari nzito. Chuo cha uuguzi ninakofanya mafunzo ya vitendo, kile ambacho Gashe Demissew, ninayemheshimu kama kaka mkubwa, alinitafutia nafasi, mtihani wake umevuja. Wanafunzi walikuwa nao wiki nzima kabla ya siku yenyewe. Kwa kuwa Gashe Demissew ndiye msimamizi wa chumba cha kompyuta, ikaonekana hawezi kujichunguza, nikapewa mimi. Nimezisoma kumbukumbu siku tatu. Mtihani ulitumwa nje saa tatu na dakika kumi asubuhi, kutoka kwenye kompyuta yake.

Niliisoma ripoti mbele ya wakubwa sita. Gashe Demissew akaniambia taratibu, "Fikirte, saa tatu nilikuwa mezani kwangu, lakini sikutuma kitu. Angalia tena."

Nikamjibu, "Gashe, mashine haisemi uongo."

Wakamsimamisha kazi kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wa chuo akanipa mkono. Niombee, Mama.

Mwanao,
Fikirte


Dessie, Tikimt 23, 2010

Mwanangu Fikirte,

Barua imefika ikinuka dizeli lakini imefika. Mimi mzima. Goti linalalamika, nimelizoea kama nilivyomzoea marehemu baba yako.

Nimeisoma nikakaa chini. Demissew. Mtoto wa Yeshimebet niliyekunywa naye kahawa tangu sijaota mvi. Kumbe watu wanatuchekea na mioyo yao iko kwingine. Nikasema, mwanangu hakusomeshwa ili afiche wezi wa mitihani. Hao wauguzi wa kuibia si ndio watakaotuchoma sindano kesho?

Jumapili kwenye mkutano wa chama chetu cha mazishi walizungumza wee, kila mtu na wake: huyu rubani, yule daktari. Mimi nikawaambia, wangu ndiye aliyemkamata Demissew. Vichwa vyote vikanigeukia. Sitakuficha, nilijisikia mrefu. Kahawa ya Yeshimebet sijaenda tena. Jana alinisalimia sokoni, nikajifanya masikio hayasikii.

Kula vizuri. Usishindie chai na mkate.

Mama yako,
Aselefech


Dessie, Tahsas 2, 2010

Fikirte,

U hali gani? Nakuuliza kwa sababu sijui. Nimekuandikia mara mbili, dereva anarudi mikono mitupu. Unaumwa? Umeolewa? Sema.

Demissew amerudi, amefukuzwa kazi moja kwa moja. Anakaa kwa mama yake, mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, anabeba madumu ya maji kama kijana. Akipita mtaa wa Piazza vijana wanamwita "Mtihani". "Mtihani, habari ya asubuhi." Hageuki, anapita na madumu yake. Mkewe hakufuatana naye. Yeshimebet hakuonekana kanisani siku ya Mtakatifu Maria, na yeye hakuwahi kuikosa hata mwaka alipovunjika mkono.

Sikuandikii ili ujisikie vibaya. Kosa ni lake. Ila nikimwona na yale madumu, ninavuka upande wa pili wa barabara.

Mama yako


Addis Ababa, Tir 14, 2010

Mama,

Salamu zako nimezipata zote, na barua zako zote tatu. Afya ninayo. Tafadhali kaa chini ndipo uendelee.

Gashe Demissew hakutuma mtihani.

Hidar 5, chini ya mwezi mmoja baada ya ripoti yangu, Mwalimu Surafel wa darasa letu alitugawia kumbukumbu za mazoezi. Kabla hatujazifungua akasema, "Kila mtambo una saa yake ukutani. Ukisahau kuuliza ni saa ya wapi, utamfunga mtu aliyekuwa amelala." Darasa likacheka. Mimi nilikwenda kuifungua upya ripoti yangu.

Kule chuo cha uuguzi kila kompyuta ikiwashwa huazimwa namba, na namba hiyo baadaye hupewa nyingine. Daftari la kuazimisha namba linafuata saa yetu. Mtambo wa mlangoni, pale mtandao wa chuo unapotokea nje, ulioandika kwamba mtihani umetoka kwa namba ile, unafuata saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Uliposema saa tatu, hapa kwetu ilikuwa saa sita mchana. Saa tatu namba ile ilikuwa kwa Gashe Demissew. Kufika saa sita ilikuwa imehamia kompyuta ya ofisi ya makamu mkuu wa chuo. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili, Mama, na yeye aliniomba niangalie tena.

Siku hiyo hiyo nilikwenda chuoni kusema. Nikafika mpaka kwenye ngazi. Nikamkuta mkuu wa chuo na mgeni, akamwambia, "Huyu ndiye binti yetu mwenye macho." Nikatabasamu. Nikageuka nikarudi.

Tangu hapo nimekaa kimya siku sitini na tisa. Nilijiambia nitasema baada ya mitihani, halafu baada ya Krismasi, halafu baada ya Timket, sikukuu ya Ubatizo. Barua yako ya madumu ilikuja nikaiweka chini ya godoro. Nimekula, nimecheka na wenzangu, nimepata alama za juu darasani. Ndilo linalonitia aibu kuliko kosa lenyewe.

Sijui niandikeje jina langu hapa.

Fikirte


Dessie, Tir 19, 2010

Fikirte,

Sikuulizi hali.

Kukosea hesabu nimeelewa. Mimi nilishamuunganisha mjane na mpangishaji wake badala ya daktari. Lakini ule waya niliuchomoa papo hapo, sikuuacha siku sitini na tisa.

Na mimi je. Nani aliniuliza kule kwenye chama? Hakuna. Mdomo ulijifungua wenyewe. Vijana wa Piazza jina la "Mtihani" wamelipata wapi kama si kwangu?

Usije nyumbani kabla hujaipanda ile ngazi mpaka juu.

Aselefech


Addis Ababa, Yekatit 6, 2010

Mama,

Natumaini mfungo umeanza salama na goti halikusumbui. Mimi nipo.

Nimepanda. Niliandika ripoti ya pili, kurasa nne, nikaiweka mezani kwa mkuu wa chuo. Akaisoma hadi nusu. Akavua miwani.

"Unajua unamgusa nani ukiitaja ofisi hii ya makamu?"

"Nimetaja namba na saa tu. Mkono wa nani ulitumia kompyuta ile, sijui. Najua haikuwa ya Gashe Demissew."

"Demissew mwenyewe ameshaondoka, binti. Maji yamemwagika. Unataka tuyazoe kwa mikono?"

"Ndiyo," nikasema. Sauti ilitoka kama ya paka.

Alinitoa kwenye mafunzo siku hiyo. Mwalimu Surafel aliposikia hakunipigia kelele. Aliniuliza nilijua lini. Nilipomtajia tarehe akasema nitarudia mwaka mzima, na ripoti yangu ya kwanza atawasomesha wanaokuja, bila jina langu. Nakala ya ile ya pili ameipeleka mwenyewe kwenye bodi ya chuo. Juzi bodi imemwandikia Gashe Demissew kumsafisha na kumwita arudi kazini.

Nakala nyingine hii hapa. Nakuomba umpe wewe. Mimi kumtazama usoni siwezi.

Mwanao


Dessie, Yekatit 20, 2010

Mwanangu,

Mimi mzima, nakula mchuzi wa shiro bila siagi kama Wakristo wengine. Nawe ule.

Jumapili nilisimama kwenye chama. Nikasema nililolisema Tikimt ni uongo, Demissew hakuiba kitu, binti yangu alikosea na mimi nikautangaza ubaya nisioujua. Yeshimebet alikuwa kwenye benchi la nyuma. Akasema bila kuinuka, "Umeyasema miezi minne, umeyafuta kwa muda wa kuchemsha yai. Sema tena mwezi ujao, wako waliokosa leo." Nikasema nitasema. Kahawa hakunikaribisha, nami sikungoja nikaribishwe.

Kesho yake nilikwenda na bahasha yako. Demissew alinipokea mlangoni. Barua ya bodi ameipata, hatarudi. Amepata shule Kombolcha hapa jirani, anafundisha kompyuta. Aliifungua ripoti yako akaisoma pale pale amesimama, kurasa zote nne, mimi nikiangalia viatu vyangu. Ukurasa wa tatu aliurudia.

"Hesabu zake ni sahihi," akasema. "Amejifunza."

Nikadhani amekusamehe, nikaanza kulia. Akangoja nimalize. Kisha akanionyesha kwa kidole ukurasa wa pili, mahali sita, akipahesabu.

"Hapa ananitetea, lakini bado ananiita mtuhumiwa. Mwambie nina jina."

Alinipa ukurasa huo, zile nyingine tatu amebaki nazo. Nimekurudishia humu bahashani. Uandike upya, uulete mwenyewe. Kutoka kwetu hadi mlangoni kwake nitakusindikiza. Kugonga, utagonga wewe.

Mama yako,
Aselefech