Wanataka Kumtoa Edna Wodini

Kariandusi

Kwa dada yangu Truphena,

Pole kwa kazi ya shamba, na pole kwa mgongo. Umepata nafuu? Mimi niko, ila siko sawa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Dada, mke wangu Edna yuko hospitali huku Nakuru, wodi ya wagonjwa wa akili.

Ilianza baada ya Neema kuzaliwa. Usingizi ulimpotea. Hata mtoto akilala, yeye alikaa tu akiangalia mlango. Nikadhani ni uchovu wa uzazi. Kisha akaanza kusema majirani wamepanga kumchukua mtoto, akaacha kula. Nilimweleza mama yake, naye akamtuma pasta. Aliomba vizuri, lakini akataka Edna apelekwe kambi ya maombi, afunge mpaka roho hiyo imtoke. Niliogopa. Mtu hali, halali, ananyonyesha, halafu afunge? Mwenzangu kazini, aliyesaidiwa na kaunsela alipofiwa, akanielekeza kwa huyo kaunsela, Madam Jerop, pale Gilgil. Hilo nikalikubali haraka. Ni kuongea tu, hakuna wodi, hakuna mtu wa kusema mke wa Shadrack ana wazimu.

Asubuhi ya kwenda huko nilitoka kuchota maji. Kurudi, nyumba iko wazi, Edna hayuko, mtoto hayuko. Tulimtafuta kila mahali, mimi na majirani walewale aliowaogopa. Mama mmoja anayechunga mbuzi ndiye aliyesikia mtoto akilia ndani ya pango moja la machimbo ya zamani ya udongo mweupe, yale tuliyoacha kuchimba kwa sababu yanaporomoka. Edna alikuwa ameketi ndani kabisa, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele, amemfunika Neema kwa leso mpaka usoni. Nilipomulika akasema, "Zima tochi, watatuona."

Dada, nilibaki mlangoni mwa pango. Niliogopa nikimsogelea atashtuka amwangushe mtoto, au ambane. Yule mama akaingia kwa magoti, akamwambia polepole kwamba mtoto ana baridi, amsaidie kumpasha joto. Edna akampa.

Tulienda moja kwa moja kwa Madam Jerop. Alimsikiliza kidogo tu, akaniita kando.

"Shadrack, kazi yangu ni maongezi, na atayahitaji baadaye. Saa hii anahitaji daktari na dawa, leo hii. Usimrudishe nyumbani."

Aliniambia ni ugonjwa unaowapata baadhi ya akina mama wakishajifungua, na unatibika. Akapanda gari nasi mpaka Nakuru.

Sasa anapewa dawa. Analala sana, mikono inatetemeka, nami nakaa hapo nikijiuliza kama nimemsaidia au nimemharibu. Daktari anasema kutetemeka ni kwa sababu ya dawa, wataibadilisha. Anasema pia akitolewa mapema anaweza kurudi vilevile. Neema anatunzwa na mke wa mwenzangu, anakunywa maziwa ya kopo. Nikifumba macho naliona lile pango.

Na sasa mama yake anakuja Ijumaa na pasta, wampeleke kambini. Anasema nimemtupa binti yake kwa vichaa. Mimi ni mkwe, nitasimama vipi mlangoni nimzuie? Wewe uko naye chama kimoja cha akina mama kanisani, atakusikia. Tafadhali nenda kwake. Mwambie aje, amwone, amwombee pale kitandani apendavyo. Asimtoe tu.

Asije akafikiri ni mimi peke yangu ninayetaka. Jana nesi aliniruhusu kumleta Neema, na Edna akamshika, akamnusa kichwani. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini.

"Bado nawasikia hao watu," akasema. "Lakini wameenda mbali kidogo. Usiruhusu mtu anitoe hapa kabla hawajanyamaza."

Hayo maneno mpelekee mama yake vile yalivyo.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu wote. Mzee wetu usimwambie bado, moyo wake tunaujua. Ukifika kwa mama mkwe, mwambie ninamheshimu, na ninaogopa kama yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Shadrack